Rama anataka kuhama timu

Mama Rama: Asalam alaykum wote. Jamani nina kesi, Rama anasema hataki tena timu ya futiboli ya Kimarekani ya shuleni kwake, anataka ahamie ile shule ya ng'ambo ya mto maana eti hapa akipewa mpira hafiki popote. Yeye ni ranibeki. Kweli mtu akihama timu anakuwa bora au utoto tu

Shangazi Tanga: waalaykum salaam. ranibeki ndo nani huyo

Mjomba Philly: Anayepewa mpira mkononi huku nyuma halafu anachoma katikati ya mijitu. Mbele yake kuna watano kazi yao kusukuma tu papatikane njia

Mjomba Philly: Mama Rama jibu lako liko huku kwetu. Saquon Barkley. 2023 yuko Giants, timu ya Ba Mdogo, kakimbia yadi 962, wastani 3.9 kila akikimbia nao. Kaja kwetu Eagles 2024 kapiga 2,005, wastani 5.8!! Na goti alishaumia vibaya 2020. Kombe la ligi kalibeba siku aliyotimiza miaka 28

Ba Mdogo Jersey: nilijua tu utaanza 😂

Mjomba Philly: Si tajiri wenu John Mara, mwenye Giants, alisema kwenye tv hatapata usingizi Saquon akija Philly, hajalala mpaka leo

Ba Mdogo Jersey: sawa tumeumia ila usimdanganye mtoto. Saquon kwetu 2018 mwaka wake wa kwanza alipiga 1,307, 2022 akapiga 1,312, kwa hiyo kukimbia alikuwa anajua zamani. Nyie kwenye wale wasukumaji wa mbele mna Lane Johnson, mna Mailata yule Mwaustralia aliyetoka kwenye raga, jitu kama kabati, kwetu Saquon akishika mpira tu anakutana na adui hata hajanyanyua mguu wa pili

Ba Mdogo Jersey: na mbona DeMarco Murray humtaji? 2014 akiwa timu ya Cowboys alipiga 1,845 hakuna aliyemfikia ligi nzima, kaja hukohuko kwenu 2015 yadi 702 😏

Mjomba Philly: Murray walishamchosha, mpira mara 392 msimu mmoja si punda yule. Halafu kocha wetu wa kipindi kile alikuwa anampa mpira akiwa kasimama pembeni ya kwotabeki, yule anayegawa mpira, wakati mwenzie kazoea kuja na kasi toka nyuma. Si unaona alivyoenda timu ya Titans 2016 akarudi 1,287

Ba Mdogo Jersey: sasa si ndo ninachosema mimi?? mtu yuleyule!

Shangazi Tanga: kumbe ni kama bi harusi, wapambe wasiposogeza watu hafiki kwenye kiti hata awe na miguu ya swala 😂😂

Mjomba Philly: Shangazi umemaliza. Ila wapambe siyo wote wanasukuma, ranibeki Derrick Henry kaenda timu ya Ravens 2024 ana miaka 30 watu wakasema mzee, katoka 1,167 kafika 1,921, kwa sababu pale maadui wanamwogopa kwotabeki Lamar Jackson asije kuchomoka yeye na mpira, wakisita kidogo tu Henry kashapita

Mama Rama: Mi Ijumaa nilikuwepo, baridi imenikata masikio. Mpira wa kwanza hata hajageuka watatu wamemlalia, na yule kijana wa mbele yake kaanguka chali wala hajaguswa. Mara moja tu ndo pakafunguka kulia akatoka kama mshale, nikapiga vigelegele peke yangu wazungu wote wakanigeukia

Ba Mdogo Jersey: basi miguu anayo shem. Cha kuuliza huko anakotaka kwenda mbele kuna nani

Rama: mama kwa nini umeleta haya kwenye group 😩

Ba Mdogo Jersey: Rama hao wa mbele wa hiyo shule mwakani wanabaki wangapi

Rama: ...

Rama: mmoja. wanne wanamaliza mwezi wa 6

Shangazi Tanga: wapambe hao wanaondoka 😂

Mama Rama: Rama shuka chini tuongee