Vitabu vya historia ya besiboli na Jumba la Magwiji: nianze na vipi, na nitajuaje kama vinaaminika?

Rafu_Tupu ameuliza:

Wakuu, salaam. Natafuta vitabu vya historia ya besiboli ya Marekani, hasa vinavyoligusa lile Jumba la Magwiji (Hall of Fame) la Cooperstown, jimbo la New York, linalowaenzi wachezaji bora. Sitaki vya picha kubwa na orodha ya "wachezaji mia bora". Vitabu sita hivi vinatosha, mradi vinasomeka kwa mpangilio.

Kinachonitatiza ni kwamba havikubaliani. Kimoja kinasema Ty Cobb, mpigaji mashuhuri wa zamani, alipiga hiti (mapigo yanayomfikisha mpigaji salama kwenye besi) 4,191, kingine 4,189. Kimoja kinamsifu Abner Doubleday kuwa ndiye aliyebuni mchezo, kingine kinalipita jina lake kimya. Na kwenye kura za Jumba nasoma kwamba fulani "alikosa kwa kura mbili" bila kuonyeshwa hesabu ilikwendaje. Nisome vipi, na nikishika kitabu nisichokijua nikikague vipi?

Tanbihi_Kwanza amejibu:

Mkuu, nianze na hilo la Cobb, maana likieleweka mengine yanakuwa mepesi. Mwaka 1910 mechi moja ya Detroit iliingizwa mara mbili kwenye daftari la takwimu la ligi. Katika mechi hiyo Cobb alikuwa na hiti 2, basi akabaki na 2 za ziada kwa miaka 70, hadi watafiti walipoliona kosa na likatangazwa mwaka 1981. Wakuu wa ligi walikataa kubadili. Ndiyo maana hadi leo 4,191 inasimama kwenye rekodi za ligi, na 4,189 inasimama kwenye vitabu vya waliohesabu upya. Tofauti hii ina uzito. Pete Rose alisherehekewa tarehe 11 Septemba 1985 alipofikisha hiti 4,192. Kwa hesabu iliyosahihishwa, alikuwa ameshampita Cobb siku tatu kabla, tarehe 8, pale Chicago. Kwa hiyo mwandishi anayetoa 4,191 bila neno lolote la maelezo hajadanganya, lakini ujue kwamba hakuchimba.

Namna ya kukagua kitabu usichokijua: fungua kwanza ukurasa wa haki za uchapishaji, utazame mwaka. Usitazame mwaka wa chapa mpya, tazama mwaka wa maandishi yenyewe. Kisha nenda kwenye faharasa mwishoni, utafute majina manne.

Doubleday: je, anatajwa kama hekaya au kama ukweli? Cobb: je, ile tofauti ya hiti 2 imeelezwa? Hack Wilson: msimu wake wa 1930 ulijulikana kwa mikimbio (pointi) 190 aliyoisababisha kwa mapigo yake, na mwaka 1999 ligi ikaisahihisha kuwa 191, kwa sababu mmoja ulikuwa umeandikwa kwa mwenzake Charlie Grimm. Kitabu cha 1985 chenye 190 hakina kosa, cha 2010 chenye 190 kimenakili tu. Wa nne ni Josh Gibson, mpigaji wa ligi za Weusi, huyo nawaachia wengine.

Kitabu kisicho na faharasa wala maelezo ya vyanzo kirudishe rafuni, hata kama kimeandikwa kwa lugha tamu.

Kabla_ya_1839 amejibu:

Kuhusu asili ya mchezo, anza na Baseball in the Garden of Eden cha John Thorn (2011). Kinaeleza jinsi hekaya ilivyotengenezwa na nani alifaidika nayo.

Kwa ufupi: mwaka 1905 iliundwa tume ya kutafuta asili ya besiboli, ikiongozwa na Abraham Mills, ikatoa hitimisho mwishoni mwa 1907 kwamba Doubleday aliubuni mchezo Cooperstown mwaka 1839. Ushahidi wote ulisimama juu ya barua za mzee mmoja, Abner Graves, ambaye mwaka 1839 alikuwa mtoto wa miaka 5. Doubleday mwenyewe mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, na alifariki mwaka 1893 bila kuacha maandishi ya kudai ubunifu huo. Lakini tazama matokeo: miaka ya 1930 mpira mmoja wa zamani uliochakaa, uliopatikana karibu na Cooperstown, ukanunuliwa kwa dola 5 na Stephen Clark, tajiri wa mji huo, ukaitwa mpira wa Doubleday, na Jumba likafunguliwa tarehe 12 Juni 1939 kuadhimisha miaka mia ya tukio ambalo halikutokea. Doubleday mwenyewe si mwanachama wa Jumba hilo.

Sasa jihadhari na kosa la pili, ambalo waandishi wengi huangukia wakishalikwepa la kwanza. Wanamwondoa Doubleday, wanamweka Alexander Cartwright kwenye kiti kilekile. Kibao chake ndani ya Jumba kinasema aliweka besi futi 90 kutoka moja hadi nyingine, awamu 9 (awamu ni zamu ya kila timu kupiga) na wachezaji 9. Hayo yalipitishwa kwenye mkutano wa vilabu wa 1857, na wakati huo Cartwright alishahamia Hawaii. Kanuni za klabu ya Knickerbocker za 1845 hazikuwa na awamu 9. Timu iliyofikisha pointi 21 kwanza ndiyo iliyoshinda. Ile mechi mashuhuri ya Hoboken ya tarehe 19 Juni 1846 iliisha 23 kwa 1 baada ya awamu 4 tu. Nayo si ya kwanza, kwa sababu magazeti ya Oktoba 1845 yaliripoti mechi kati ya New York na Brooklyn. Ukikuta "mechi ya kwanza katika historia, 1846" bila neno "inayosemwa kuwa", piga alama pembeni.

Kwa anayetaka mapana zaidi, kuna juzuu tatu za Harold Seymour, ya kwanza ni ya 1960. Ukinunua chapa ya zamani utaona jina la Seymour peke yake. Mkewe Dorothy alifanya sehemu kubwa ya utafiti na uandishi, na mchapishaji alikuja kuongeza jina lake miaka mingi baadaye. Mtaje unaponukuu.

Robo_Tatu amejibu:

Nachukua la kura, ndugu.

Kanuni ya waandishi wa besiboli, ambao ndio wapiga kura, ni kwamba mchezaji apate asilimia 75 ya karatasi za kura zilizorudishwa, na hakuna kukadiria kwenda juu. Mfano halisi: mwaka 2014 zilirudishwa karatasi 571. Robo tatu yake ni 428.25, kwa hiyo zinahitajika kura 429. Craig Biggio alipata 427. Hizo ndizo "kura mbili". Akaingia mwaka uliofuata.

Mtego ambao vitabu vingi vinauruka ni karatasi tupu. Mwandishi akirudisha karatasi bila jina lolote, bado inahesabika kwenye jumla, kwa hiyo inamwangusha kila mtu. Mwaka 2021 zilirudishwa 401, kati yake 14 zikiwa tupu. Aliyeongoza, Curt Schilling, alipata 285, naye alihitaji 301. Toa zile tupu uone: zinabaki 387, zinahitajika 291, bado asingefika, lakini pengo linashuka kutoka kura 16 hadi 6. Asiyerudisha karatasi kabisa hana athari yoyote. Kitabu kisichotofautisha "hakupiga kura" na "alirudisha tupu" kitakupotosha.

Masharti mengine: mchezaji awe amecheza misimu 10, awe amestaafu miaka 5, na mpiga kura awe mwanachama wa chama cha waandishi kwa miaka 10 mfululizo. Kila karatasi mwisho majina 10. Ukishuka chini ya asilimia 5 unaondolewa. Unaruhusiwa kukaa kwenye orodha miaka 10. Zamani ilikuwa 15, ikapunguzwa mwaka 2014, na vitabu vya kabla ya hapo vyote vitakuambia 15.

Mlango wa pili ni wa kamati ndogo. Siku hizi ni watu 16, na zinahitajika kura 12. Hapa ndipo utata mkubwa ulipo, na ndipo ninapopendekeza kitabu cha Bill James cha 1994, The Politics of Glory. Angalizo la fedha yako: kilichapishwa upya kwa jina Whatever Happened to the Hall of Fame?. Ni kitabu kilekile, usinunue vyote viwili. James anapima hoja moja hadi mfupa: "fulani yumo, na huyu ni bora kuliko fulani, basi huyu naye aingie". Kila anayeingia kimakosa anateremsha kizingiti kwa wote wanaomfuata. Mfano wake mzuri ni miaka ya 1970, Frankie Frisch, mchezaji wa zamani, alipokuwa kwenye kamati hiyo, iliyoitwa ya wakongwe: Jesse Haines, Dave Bancroft, Chick Hafey, Ross Youngs, George Kelly, wote waliwahi kucheza naye kwenye timu ya Giants au Cardinals, na wote wakaingia kati ya 1970 na 1973.

Baada ya James, soma The Cooperstown Casebook cha Jay Jaffe (2017). Kipimo chake ni rahisi kukokotoa kwa kalamu: chukua thamani ya mchezaji (takwimu iitwayo WAR) kwa maisha yake yote uwanjani, chukua na jumla ya misimu yake 7 bora, jumlisha, gawa kwa 2. Mwenye 70 na 44 anapata 57. Kisha unamlinganisha na wastani wa waliomo wa nafasi ileile. Kulinganisha mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji na mchezaji wa uwanja wa nje ni kosa, kwa sababu mdakaji huchakaa mapema na hachezi mechi nyingi hivyo.

Na tafadhali, waandishi na watangazaji wanaopewa tuzo kila mwaka kule Cooperstown si wanachama wa Jumba. Makosa ya namna hiyo yamejaa kwenye majalada ya vitabu.

Rafu_Tupu:

Shukrani sana, nimenakili yote. Swali la nyongeza: vitabu vya masimulizi ya wachezaji wenyewe je? Na kuna kumbi za michezo mingine zenye vitabu vya aina ya James?

Tanbihi_Kwanza:

Kwa masimulizi hakuna kinachoifikia The Glory of Their Times ya Lawrence Ritter (1966). Ritter alizunguka na kinasa sauti akiwatafuta wazee waliocheza mwanzoni mwa karne ya 20. Tafuta toleo la 1984 au la baadaye, lina mazungumzo yaliyoongezwa.

Kisome ukiwa na jedwali la mechi pembeni, kwa sababu hawa ni wazee wanaokumbuka mambo ya miaka 50 iliyopita. Chukua sura ya Fred Snodgrass wa Giants, aliyeangusha mpira kwenye awamu ya 10 ya mechi ya mwisho ya fainali ya 1912. Magazeti yalimbebesha kushindwa kote kwa Giants. Ukifuata jedwali la awamu hiyo unaona mtiririko: Clyde Engle wa timu pinzani ya Boston anafika besi ya pili kwa kosa hilo, Snodgrass anadaka mpira mgumu wa Harry Hooper papo hapo baadaye, Mathewson, mrushaji wa Giants, anamruhusu Yerkes kwenda besi ya kwanza kwa mirusho minne mibovu, kisha mpira mwepesi wa Tris Speaker unaanguka chini kati ya wadakaji bila mtu kuugusa, naye Speaker anapiga hiti inayosawazisha. Kosa moja lina jina, mengine yamesahauliwa. Na ukikuta kitabu kinasema fainali hiyo ilikuwa ya mechi 7, kumbuka zilichezwa 8, kwa sababu ya pili iliisha sare 6 kwa 6 giza lilipoingia.

Eight Men Out ya Eliot Asinof (1963), kuhusu wachezaji wa White Sox walioshutumiwa kuuza fainali ya 1919, soma kwa moyo lakini usiinukuu peke yake. Haina tanbihi, na mwandishi mwenyewe alikiri baadaye kwamba alimbuni yule jambazi anayemtishia Lefty Williams, mrushaji wa timu hiyo, ili amtambue atakayemwibia kazi. Waandishi kadhaa walimnakili jambazi huyo kama mtu halisi.

Robo_Tatu:

Kumbi nyingine: Canton, Ohio, kwa futiboli ya Kimarekani, lilifunguliwa 1963, lakini idadi ya kura haitangazwi, kwa hiyo uchambuzi wa aina ya James hauwezekani. Springfield, Massachusetts, ni la mpira wa kikapu wote, vyuo, wanawake na nchi za nje, kwa hiyo kitabu kinacholiita jumba la NBA kimekosea tangu jalada.

Ligi_za_Weusi amejibu:

Gibson aliachwa kwangu, nadhani. Weka Only the Ball Was White cha Robert Peterson (1970) kwenye ile sita yako. Kinahusu ligi za wachezaji Weusi waliozuiwa kucheza ligi kuu. Kilitoka mwaka mmoja kabla Satchel Paige, mrushaji mashuhuri wa ligi hizo, hajaingia Jumba, na kilikusanya majina na misimamo ya ligi wakati ambapo vitabu vya takwimu viliwaacha watu hawa nje kabisa.

Mwaka 2020 ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 zilitambuliwa kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake ziliunganishwa rasmi. Tangu hapo Josh Gibson ndiye mwenye wastani mkubwa wa kupiga (hiti zikigawanywa kwa majaribio) katika historia, .372, akimpita Cobb mwenye .367. Kitabu chochote cha kabla ya hapo kitasema Cobb.

Linalowachanganya wasomaji ni homurani zake (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote). Kibao chake kinasema karibu 800, takwimu rasmi zinampa chini ya 200. Vyote viwili vinaweza kusimama. Msimu wa ligi ulikuwa wa mechi chache, 60 au 80 hivi, na mapato yalitoka kwenye ziara za kucheza na timu za miji, mechi ambazo haziingii kwenye takwimu za ligi. Mwandishi mzuri anakueleza anahesabu mechi zipi. Takwimu zenyewe bado zinaongezeka kila majedwali ya magazeti ya zamani yanapopatikana, kwa hiyo andika tarehe uliyoitoa namba kando ya namba yenyewe.

Vibao navyo husahihishwa. Cha Jackie Robinson hakikutaja kwamba alivunja ubaguzi wa rangi hadi kilipobadilishwa mwaka 2008, na cha Roberto Clemente kilipindua majina yake ya ukoo hadi mwaka 2000. Ukiona picha ya kibao kitabuni, soma maandishi yake herufi kwa herufi, utajua kama picha ni ya zamani.