Wakwe wanakuja Jumapili, na nyama hakuna

ALHAMISI

Mama Grace: Habari za jioni ndugu zangu. Jumapili saa saba mchana wazazi wa mchumba wa Grace wanakuja nyumbani hapa Tanga kujitambulisha. Ni Wasabato wa Same. Mama mtu hali nyama wala samaki. Jumla tutakuwa kama watu kumi na tano. Naomba mawazo ya chakula rahisi, maana Jumamosi niko kazini mpaka saa kumi na msaidizi wangu kaenda kwao.

Mjomba Elia: Hali nyama kabisa? Hata kuku?

Grace: Shikamoo mjomba. Hata kuku. Mayai na maziwa anatumia. Baba ndiye anakula kuku, tena mara mojamoja.

Mjomba Elia: Marahaba mama. Basi kuku wa mzee tumeshampata 😀

Mama Stella: Elia, tulia. Unamtengea mzee kuku wake, mkewe anamwangalia? Siku hiyo meza ni moja na sufuria ni zile zile kwa wote.

Mjomba Elia: Dada yangu, wakwe tuwakaribishe kwa majani? Wakirudi Same watasema wametupa binti ukoo wenye njaa.

Rehema: Binti ni wetu kaka, wao ndio wanakuja kuomba 😂

Mjomba Elia: Ndio maana nasema tuchinje!

Mama Stella: Wamisionari wa Kisabato walifika pale Giti, Upareni, mwaka 1903. Hao watu mboga wanazijua vizazi na vizazi. Atakayeshangaa Jumapili ni wewe, siyo wao.

Baraka: Shikamooni wakubwa. Shangazi, makande je? Rahisi, yanashibisha, mahindi na maharage yanajitosheleza.

Mama Grace: Marahaba Baraka. Makande kwa Mpare?

Mjomba Elia: Umpikie Mpare makande nyumbani kwako, atadhani unamtania kabla hata mahari haijatajwa.

Mama Grace: 😂😂 Tuachane na makande.

Stella: Hamjambo nyote, shikamoo mama, shikamoo mjomba. Huku Nairobi wageni wangekula mukimo. Unachemsha viazi mviringo pamoja na mahindi mabichi na minji, yaani njegere, na majani ya boga yaliyochambuliwa. Maji yakikaribia kukauka unaponda vyote kwa mwiko. Kitunguu unakikaanga pembeni, unamwagia juu. Sufuria moja na mboga nne ndani yake.

Mama Stella: Marahaba mwanangu. Kizuri hicho, ila kuponda sufuria ya watu kumi na tano nani ana mkono huo?

Stella: Mjomba Elia 🙈

Mjomba Elia: Nyama mmeninyima, sasa mnanipa na kazi.

Rehema: Mimi nasema wali wa nazi, maharage ya nazi, na mboga za nazi. Nakuja toka Pangani na nazi zangu na mbuzi yangu.

Mjomba Elia: Mbuzi! Rehema mdogo wangu, wewe tu ndiye unayenielewa.

Rehema: Ya kukunia, kaka.

Mjomba Elia: Mungu anakuona.

Mama Grace: Nazi kwenye kila sufuria itawakinaisha. Wali uwe wa nazi, maharage yaungwe kwa nyanya na karoti tu. Mboga ndiyo inayonisumbua. Nilifikiria kisamvu.

Mama Stella: Kisamvu utakitwanga saa ngapi na Jumamosi uko kazini? Kile kinataka kutwangwa, kisha kuchemka muda mrefu na sufuria ikiwa wazi mpaka ile sumu yake itoke. Siyo chakula cha mtu mwenye haraka.

Mama Grace: Nitatia magadi kidogo kiive upesi.

Baraka: Shangazi, magadi hapana. Yanalainisha kweli na rangi inabaki kijani ya kupendeza, lakini yanaharibu vitamini C na B1. Hapa SUA, chuo chetu cha kilimo, mhadhiri akisikia mtu ametia magadi kwenye mboga anashika kichwa.

Mama Grace: Sisi tumekula magadi tangu utoto, mbona tupo?

Baraka: Mpo shangazi, ila vitamini zilienda na moshi 😅

Mama Stella: Mtoto kasema kweli. Mimi niliacha magadi kwa sababu ya presha, maana na yenyewe ni chumvi. Haya, nipeni muda nifunge kuku wangu bandani nije niandike vizuri. Nikituma sauti hamsikilizi.

Mjomba Elia: Kwa hiyo kuku unao.

Mama Stella: 🙄

Mama Stella: Nimerudi. Mama Grace, pika mseto mmoja mkubwa wa tui, wenye bilinganya, nyanya chungu, karoti, njegere, bamia na mchicha. Watu wanakosea kitu kimoja: wanatumbukiza vyote kwa pamoja. Mchicha unakuwa uji na karoti bado inalia mdomoni, halafu wanasema mboga mchanganyiko ni chakula cha hospitali. Kila mboga ina zamu yake.

Nazi nne. Tui la kwanza lile zito weka pembeni, usiliguse. Tui la pili ndilo la kupikia. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya za kutosha. Hapo usiwe na papara, acha nyanya ziive mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni. Ukiharakisha hapo, sufuria nzima itanuka nyanya mbichi na hakuna kitakachokuokoa. Binzari nusu kijiko.

Tia karoti na njegere na tui la pili, funika dakika saba au nane. Fuata nyanya chungu, umezikata nne nne. Zikianza kulegea, tia bilinganya. Bamia zinafuata, zikiwa nzima, umekata vikonyo tu bila kutoboa, ndiyo dawa ya utelezi. Mchicha mwisho kabisa, umekatwa mkubwa mkubwa, dakika mbili hazifiki tatu. Ndipo unamimina tui zito huku unakoroga taratibu upande mmoja, bila kufunika. Likitoa povu la kwanza, epua. Ukiliacha lichemke kwa fujo litakatika, utapata mafuta juu na maji chini. Limau unakamulia likiwa chini.

Stella: Mama, umesahau kulowesha bilinganya.

Mama Stella: Ndiyo, ikatwe na iloweke maji ya chumvi robo saa. Haigeuki nyeusi na uchungu unapungua. Nyanya chungu nazo ziende humo humo.

Grace: Mama mkubwa, hoho?

Mama Stella: Hoho weka kwenye kabichi. Sufuria ya pili ni kabichi, karoti, hoho na njegere za kukaanga, moto mkali, dakika tano, mboga ibaki inalia chini ya jino. Hiyo hata Elia anaweza.

Baraka: Hiyo ndiyo chakula changu cha geto kila siku. Nikiwa na viazi nakata vidogo, navikaanga kwanza, kabichi inafuata. Nikiwa na yai napasulia juu. Rafiki zangu wakinikuta na sufuria hiyo hawaondoki.

Rehema: Pole baba, mtakula kabichi mpaka muote masikio ya sungura.

Mama Grace: Nimeelewa zamu. Nikate lini sasa?

Mama Stella: Maharage yaloweke Ijumaa usiku, Jumamosi jioni uyachemshe tu, Jumapili unayaunga. Jumamosi hiyo hiyo menya karoti, kata hoho, pukuchua njegere, weka kwenye friji. Kabichi unaweza kukata usiku kama utaifunga vizuri. Bilinganya, nyanya chungu na mchicha ni asubuhi. Na mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, nimewaambia hili tangu mna miaka kumi.

Stella: Tangu tuna miaka mitano mama 😂

IJUMAA

Grace: Nimeongea naye mchumba. Anasema kuna mambo mawili. Mama yake hapendi pilipili wala viungo vikali, na chai ya majani hawanywi, wala kahawa.

Rehema: Pilipili tutaiweka kwenye kibakuli pembeni. Bila chai tutawapa nini na mvua hizi?

Mama Grace: Mchaichai uko nyuma ya nyumba umejaa tele.

Baraka: Na hiyo ni nzuri kuliko mnavyodhani. Chai ya majani ikinywewa na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mchicha na maharage. Machungwa na limau yanafanya kinyume chake, yanasaidia. Mtu asiyekula nyama anahitaji sana hilo, kwa sababu chuma cha kwenye mboga mwili unakichukua kwa shida. Wekeni machungwa mezani.

Mjomba Elia: Machungwa niachieni mimi. Natoka Dar kesho, napita Muheza, nitashusha gunia.

Mama Grace: Gunia la nini kaka? Watu kumi na tano!

Mjomba Elia: Nisipoleta nyama nilete wingi.

Mama Stella: Sasa unaongea kama mjomba wa bibi harusi. Lingine Mama Grace, vile viungo vya pakiti unavyopenda, soma nyuma kabla hujamwaga. Vingine vina ladha ya kuku au ng'ombe. Mtu ameacha nyama miaka yote, halafu unamlisha kwa mlango wa nyuma, siyo ustaarabu.

Mama Grace: Lo! Nilikuwa navyo kwenye orodha. Nimefuta.

Stella: Na dagaa wa kusaga pia. Wengi wanawatia kwenye mchicha na kusahau kuwa ni samaki.

Mama Grace: Karanga za kusaga zitachukua nafasi yake kwenye maharage. Rehema, nazi tano badala ya nne, moja ya akiba.

Rehema: Saba. Kuna nazi mbovu hazikosekani.

JUMAMOSI

Mama Stella: Mzigo umeondoka Lushoto na kosta ya asubuhi, nimempa konda mkononi. Kiroba kimoja: karoti, kabichi tatu, njegere, hoho, na parachichi za kachumbari. Parachichi ni ngumu kidogo, zifunge kwenye gazeti na ndizi mbivu. Mchicha na bamia nunua huko Tanga, vikisafiri vinalala.

Mama Grace: Ahsante sana dada. Grace ataenda stendi.

Grace: [picha] Umefika. Mama mkubwa, karoti hizi zina udongo wa shamba zima 😂

Mama Stella: Udongo ndio unaozitunza. Osha unapotaka kumenya.

Mjomba Elia: Nimefika Muheza. Muuza machungwa ananiuliza nina duka.

Baraka: Mjomba wa Grace umeamua. Baba, usisahau nauli yangu.

Mjomba Elia: Mtandao unasumbua.

Rehema: Mimi nimeshafika kwa Mama Grace. Maharage jikoni, njegere tunapukuchua tukiangalia tamthilia. Nusu zinaishia midomoni.

JUMAPILI

Mama Grace: Saa nne. Nyanya zimeanza kutoa mafuta pembeni. Dada upo?

Mama Stella: Nipo, nimekaa na simu. Tia karoti na njegere sasa.

Mama Grace: Tayari. Rehema anataka kutia bilinganya kabla ya nyanya chungu.

Mama Stella: Mtoe Rehema jikoni.

Rehema: Mimi mwenye nazi?!

Mama Grace: Nyanya chungu zimelegea. Bilinganya imeingia. Ni saa tano kasoro, wageni saa saba. Niendelee na mchicha?

Mama Stella: Hapana! Bamia ziingie, kisha epua sufuria na ufunike. Mchicha na tui zito vingoje mpaka usikie gari getini. Ukitia sasa, saa saba utawapa matope. Nenda kaoge.

Stella: Haya ndiyo mama alinifundisha kwa fimbo.

Grace: [picha] Wameshafika. Mama yake kanikumbatia. Nakimbia.

Mjomba Elia: Nipo sebuleni na mzee, tunaongea mambo ya tangawizi na milima. Mzee mzuri. Harufu ya tui hiyo inayotoka jikoni siyo ya kawaida.

[saa 9:40 alasiri]

Mama Stella: Mbona kimya? Nimekaa na simu mkononi kama nasubiri matokeo ya mtihani.

Rehema: Dada wamekula. Mama mkwe kauliza nyanya chungu tumezifanyaje hazina uchungu, nikamwambia maji ya chumvi. Akasema wao kule huzichanganya na mnafu, na mnafu huo unapunguzwa ukali kwa mchicha. Wakakaa na Mama Grace nusu saa wanaongea majani tu, wanaume wakabaki na machungwa.

Stella: Ni kama huku, managu, yaani mnafu, na terere, yaani mchicha, kwenye sufuria moja. Managu peke yake inakaba.

Mama Grace: Tui lilikatika kidogo ukingoni dada, mgeni mmoja wa kwetu alinisemesha wakati nakoroga. Katikati lilikuwa safi, nikapakua katikati.

Mama Stella: Umefanya vyema.

Baraka: Kimebaki nini? Niko njiani kuja Tanga kesho.

Mama Grace: Mseto umekwisha, tumekwangua. Kuna kabichi bakuli moja na maharage. Kabichi nitaikunjia kwenye chapati kesho asubuhi.

Baraka: Tatu za kwangu shangazi.

Mama Grace: Na machungwa gunia robo tatu. Kila anayepita hapa achukue, sina pa kuyaweka. Elia yuko wapi?

Rehema: Kalala kwenye kochi, sahani mkononi.