Uzamili wa biashara ukiwa kazini hapa Mombasa: tupeane uzoefu

Zamu ya Jioni
Wana Mombasa, salaam. Mimi ni wa hesabu kwenye ghala moja Shimanzi, huu mwaka wa tisa. Digrii ya kwanza ninayo, daraja la pili la chini. Mkubwa wetu astaafu Desemba, na wote wanaokimezea mate kile kiti wana MBA isipokuwa mimi. Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, imekubali kunikopesha karo ya mwaka wa kwanza.

Sitaki kuambiwa kozi ina yuniti ngapi, hayo yako kwenye kipeperushi. Nataka kujua mliishije. Mlikula saa ngapi, mlilala saa ngapi, pesa ziliishia wapi. Na nyinyi mlioachia njiani msione haya, nyinyi ndio nawangoja zaidi.

Mama Watatu Likoni
Karibu mdogo wangu. Mimi nilisoma 2016 hadi 2019, darasa la jioni mjini, saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu. Kwa anayeishi kisiwani hizo ni saa tatu. Kwa wa Likoni ni tano, maana kuna feri. Siku feri moja imeharibika nilikuwa nafika nyumbani watoto washalala, na asubuhi naondoka hawajaamka. Mdogo akaanza kumwita shangazi yake mama. Hilo sikuambiwa na kipeperushi.

Lakini feri hiyohiyo ndiyo iliyonisomesha. Nilikuwa nakata notisi vipande vidogo natia mkobani, nikisimama pale kwenye ngazi nasoma kimoja. Mzee mmoja akanipisha kiti akidhani nasoma uradi. Nikakaa, nikaendelea na gharama za mtaji.

Mwaka wa kwanza Ramadhani ilituangukia katikati ya muhula, na somo la takwimu likaangukia magharibi. Mhadhiri wetu hakuwa Muislamu, ila ikikaribia adhana aliweka kalamu chini mwenyewe, "Nusu saa." Wenzetu Wakristo wakawa waja na tende, sisi twaja na kaimati na viazi karai, twafuturu palepale korido. Tulianza kama watu wasiojuana majina. Wale tuliokuwa tukila pamoja korido, saba kwa idadi, wote tulivaa joho siku moja. Waliokuwa wakikimbilia matatu darasa likiisha, sijui wangapi walimaliza.

Chakula: nilikuwa nakula mara mbili, mahamri na mbaazi alfajiri, na chochote nikirudi. Usingizi saa tano kwa siku. Shilingi nyingi zilikwenda kwenye kupiga chapa na tuktuk.

Mla Mbaazi
Yuniti ni mchezo. Projekti, ule utafiti wa mwisho, ndiyo kaburi. Uliza mtu yeyote Mombasa "umemaliza MBA?" atakujibu "nimemaliza darasa." Mimi nimemaliza darasa tangu 2015.

Kontena Arobaini
Mla Mbaazi kasema kweli, hebu niwape kisa changu, ila ni kirefu.

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Treni ya mizigo ya reli mpya ilianza Januari 2018, na mimi mwaka huohuo nikachagua mada: reli hiyo inazifanya nini kampuni za malori kutoka Changamwe hadi Miritini. Nikatengeneza orodha ya kampuni 120. Nikapiga fomula ya Yamane, ile ya 1967 ambayo kila mwanafunzi huinakili bila kuuliza Yamane ni nani, ikanipa sampuli ya 92. Vizuri. Pendekezo likakaa kwa msimamizi miezi saba. Nikimpigia, "nalisoma." Nikimtembelea, yuko safarini.

Katikati ya hiyo miezi, Agosti 2019, ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi yote ipande reli. Mnakumbuka maandamano ya Jumatatu. Nilipopata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kushuka na hojaji zangu, nikakuta makufuli. Ofisi 92 nilizopangiwa, 31 zimefungwa. Nyingine ukifika ni saluni. Moja ilikuwa inauza magodoro.

Msimamizi akaniambia tafuta 31 nyingine zilizo wazi uzibe pengo. Hapo ndipo nilipogoma, na ni mara ya kwanza maishani nabishana na mwalimu. Nilimwambia: mwalimu, nikiwauliza walio hai peke yao, watanijibu hali si mbaya sana. Wanaojua ubaya wake ndio hao waliofunga, na hojaji haifiki kwenye kufuli. Kwa hivyo nikazibadilisha ofisi 31 kuwa mahojiano. Nikawasaka wenyewe, kupitia walinzi, kupitia mama wauza chai wanaojua nani kahamia wapi. Nikawapata 14. Mmoja nilimhoji ndani ya tuktuk, na yeye ndiye dereva. Zamani alikuwa na malori sita.

Siku ya kutetea projekti, jopo lilinikalisha saa mbili nzima. Mmoja alisema nimebadilisha mbinu katikati ya njia. Mwingine akasema sura yangu ya nne ndiyo ya kwanza muhula ule kumzuia kusinzia. Nikapita kwa marekebisho, 2021. Halafu Septemba 2022 Rais Ruto aliapishwa na kutangaza mizigo irudi kutolewa hapahapa bandarini Mombasa badala ya kulazimishwa reli, nami nikawa nimeandika historia bila kukusudia.

Faida? Mkubwa wangu hajaifungua hiyo projekti hata siku moja. Lakini tangu hapo nikiletewa ripoti ya kwamba wateja wameridhika, nauliza kwanza: walioondoka waliulizwa?

Mla Mbaazi
Miezi saba! Wangu miaka miwili. Kisha akahama chuo.

Mwana wa Duka la Leso
Sisi tuna duka Biashara Street, babangu kalirithi kwa babake. Nilipomwambia naenda kusoma tena, aliniuliza swali moja: "Hiyo digrii ya pili itauza leso pea ngapi?" Sikuwa na jibu, nikaenda hivyohivyo.

Muhula wa pili tukafundishwa mzunguko wa pesa: siku ngapi mali yakaa rafuni, siku ngapi wewe wamdai mteja, siku ngapi aliyekuuzia mali akudai. Nikarudi dukani nikahesabu kila mzigo uliokuja lini. Kumbe robo ya mtaji wetu umelala kwenye leso za majina ambayo hayaendi tena. Wajua leso yanunuliwa kwa lile neno lake, na neno likipitwa, hata rangi iwe vipi, haondoki nayo mtu. Baba alikuwa akizishikilia kwa heshima ya waliozichora. Na juu ya hapo alikuwa amekopesha watu wa Malindi na Lamu kwa kauli tu, wengine tangu kabla mimi kuzaliwa, nadhani.

Nilimchorea kwenye karatasi ya kufungia bidhaa. Akaitazama kitambo, akasema "Haya nilikuwa nayajua." Huenda kweli alikuwa ayajua. Wiki iliyofuata zile leso zikawekwa mezani nje kwa bei ya kutupa, na madeni ya Lamu hayakuguswa, maana hayo, alisema, si madeni, ni udugu. Hapo MBA haina sura yake.

Mimi sikufanya hii kozi kwa ajili ya cheo, sina mkubwa wa kunipandisha. Kwa hivyo mtanisamehe, sielewi vizuri machungu ya wengine humu.

Sina Jina
Nimefikiria mara tatu kabla ya kuandika. Mimi nilisomea uzamili wangu kwa intaneti, chuo cha ng'ambo, sitakitaja. Tovuti yao ilikuwa na majengo ya matofali mekundu na majani mabichi. Waliandika wamethibitishwa, na bodi iliyowathibitisha nayo ina tovuti, nembo na namba ya simu. Miezi kumi na minne nikamaliza. Projekti kurasa 40, hakuna jopo. Ningepaswa kushtuka pale.

Nikaomba kazi serikalini, wakataka cheti cha ng'ambo kitambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Tume ikasema haikitambui. Nilipochimba nikagundua ile bodi na kile chuo ni kama mtu na kivuli chake. Pesa zilikuwa za shamba la mama Kaloleni. Mama bado huwaambia wageni nina digrii mbili, nami huingia jikoni.

Zamu ya Jioni
Pole sana ndugu yangu. Hili la kutambuliwa mtu huangaliaje hasa? Mimi nilidhani chuo kikiwa na jina basi.

Chaki na Marekebisho
Nafundisha jioni, kwa hivyo mimi ndiye adui wa humu. Nitajibu hili kwanza.

Kwa vyuo vya hapa nchini, CUE ilipewa kazi hiyo na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Wengi huishia kuuliza kama chuo kina hati. Hiyo ni nusu ya swali. Kozi yenyewe iwe imeidhinishwa, na kampasi utakayokalia iwe imeidhinishwa. Chuo chaweza kuwa halali na darasa la juu ya duka la viatu likawa halina idhini. Wa Mombasa mna bahati, mna chuo kikuu cha umma cha kwenu: Technical University of Mombasa pale Tudor, kilichopewa hati 2013, ingawa wazee bado wanakiita Poly, na wazee zaidi wanakiita Miome, majina yake ya kale. Pwani kule Kilifi nayo hati yake ni ya 2013. Juu ya hapo kuna kampasi za vyuo vya bara mjini. Omba kuona jina la kozi yako kwenye orodha ya Tume, neno kwa neno, usikubali "inafanana na hii."

Kwa vya ng'ambo, anza na mamlaka ya nchi hiyo, halafu CUE, kabla hujalipa. Pia mtakutana na majina ya mashirika ya kuthibitisha kama AACSB, ya Marekani tangu 1916, au AMBA ya London, 1967. Hao ni wa kweli, lakini wanapima shule za biashara na kozi zake tu. Shule yaweza kuwa nzuri bila nembo zao, na nembo zao hazichukui nafasi ya idhini ya nchi.

Sasa kuhusu miezi saba. Kosa ni letu mara nyingi, sikatai. Lakini nami nimeletewa projekti nzima kwa WhatsApp saa sita usiku, sura tano kwa mpigo, na ujumbe "mwalimu naomba kesho." Niletee sura moja, na karatasi moja inayosema nilikusahihisha nini mara iliyopita na wewe umefanya nini. Wanaoleta hivyo nawamaliza. Na mkutano wowote ukiisha, niandikie barua pepe ya mistari mitatu: tumekubaliana hili, tarehe hii. Nikichelewa utakuwa na cha kumwonyesha mkuu wa idara.

Mla Mbaazi
Mwalimu, wewe wapokea wanafunzi wa 2015?

Chaki na Marekebisho
Muda wa usajili wako umeisha kitambo, nenda ofisi ya uzamili uulize juu ya kuongezewa. Nenda wewe mwenyewe, usipige simu.

Asilimia Sabini na Moja
Niwachekeshe. Mimi takwimu zilinishinda, nikamlipa kijana mmoja kwenye saiba Mwembe Tayari anifanyie sura ya nne. Kazi safi, majedwali ya rangi. Siku ya kutetea nikasoma kwa sauti, "R ya mraba ni 0.71." Mama mmoja wa jopo akavua miwani: "Maana yake?" Nikasema asilimia 71. "Ya nini?" Nikasema ya... wahojiwa.

Kimya. Hata feni nilisikia.

Nilirudishwa miezi sita. Nikajifunza mwenyewe SPSS, ile programu ya takwimu, kwa video, na sasa hata nikiwa usingizini nitakwambia: hiyo 71 ni kiasi cha kupanda na kushuka kwa mauzo niliyoyapima ambacho vigezo vyangu vinaeleza, 29 zilizobaki ni mambo ambayo sikuyapima. Kijana wa saiba pesa hakurudisha.

Hoteli za Kaskazini
Umewataka walioacha, nimekuja. Nilikuwa mapokezi hoteli ya Bamburi. Kusoma kuliwezekana Aprili hadi Juni, mvua, wageni hakuna. Desemba ni marufuku kuomba hata dakika. Kwa hivyo kila mwaka nilifaulu muhula mmoja na kuupoteza mwingine. Machi 2020 korona ikaja, hoteli ikafunga, darasa likahamia Zoom. Utasema sasa nina muda. Nilikuwa nao, ila bando la intaneti sikuwa nalo. Nilikuwa nimelipa yuniti 9 kati ya 14.

Sasa nauza samaki Mtwapa, nanunua Kilifi alfajiri. Sijarudi. Si kwamba nimeshindwa, nimepiga hesabu. Karo ya yuniti 5 ni friza moja kubwa. Nikanunua friza. Waniulizao "utamaliza lini" huwauliza wanataka changu au tafi.

Mama Watatu Likoni
Tafi, wa kukaanga. Nakuja Jumapili.

Zamu ya Jioni
Nimesoma yote mara mbili, moja kazini, samahani mkubwa. Leo mchana nilikwenda kuuliza orodha ya Tume na jina la kozi nimelikuta, neno kwa neno. Mume wangu nimemsomea ile ya mtoto kumwita shangazi mama, akanyamaza, kisha akasema Jumanne na Alhamisi atakuwa anafunga kazi saa kumi. Fomu naipeleka Ijumaa. Mada sijui bado, ila nimeanza kuandika majina ya wateja wa ghala waliotuhama, wako 22.

Asilimia Sabini na Moja, zile video za SPSS zilikuwa za Kiswahili au Kiingereza?

Asilimia Sabini na Moja
Kiingereza cha Kihindi. Utazoea siku ya tatu.