Mrejesho: mbwa wangu aliyelegea miguu

Wakuu, niliwaomba ushauri kuhusu mbwa wangu aliyeanza kuyumba miguu ya nyuma, kesho yake na ya mbele ikalegea, hata kubweka kukafifia. Wengi mlihofia sumu ya panya. Daktari wa mifugo alimgonga goti, mguu haukuruka. Akamminya kidole, mbwa akageuka kumtazama. Yaani maumivu anayasikia, ila misuli haipati amri. Tukampekua manyoya yote kwa vidole, na ndani ya sikio tukamkuta kupe jike, kavimba kama harage! Sumu iliyomlegeza mbwa ilikuwa kwenye mate ya kupe huyo. Kilichomtisha daktari ni pumzi, maana ulegevu ukifika kifuani mbwa hufa. Kupe aling'olewa jioni. Keshokutwa yake mbwa akasimama mwenyewe. Nililia, jamani. Asanteni sana.