Mrejesho: modeli ya nyumba ya mapadri ya Alfriston

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliomba msaada wa kujenga modeli ya nyumba ya zamani ya mapadri pale Alfriston, Uingereza: ya karne ya 14, paa la nyasi, jengo la kwanza kununuliwa na National Trust (shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria), mwaka 1896 kwa pauni 10.

Aliyeniambia nianze na fremu ya mbao, kuta zifuate, ubarikiwe sana. Mimi nilishaweka dari kote! Kumbe ukumbi wa katikati uko wazi hadi kwenye kenchi, vyumba vya juu viko ncha mbili tu, na paa moja linafunika vyote.

Paa nimetumia nyuzi za katani, nikaezeka kuanzia chini kwenda juu kama makuti. Limetoka safi.

Sakafu imenishinda. Ya kwao ni chaki ya mwambani iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa maziwa yaliyochacha. Nami nikaponda chaki za ubaoni (nyingi ni jasi, nimejua nimechelewa) nikachanganya na mtindi. Siku ya tatu ikapasuka, na chumba kikanuka wiki nzima. Nimeishia kupaka rangi nyeupe. Asanteni.