Kadi gani ya grafiki itanifaa, harusi mchana na gemu usiku? Bajeti 45,000

mpiga_harusi_tudor

Salaam wakuu, naomba msaada kabla sijatupa pesa baharini. Mie naediti video za harusi hapa Mombasa, natumia DaVinci Resolve ile ya bure, na nikimaliza kazi usiku nacheza gemu kidogo, mpira na mpwa wangu, na za magari mara moja moja. Mashine ni Dell OptiPlex 7050 ile ya mnara (si ile nyembamba), mtumba wa Uingereza, prosesa i7-7700, RAM GB 32, SSD nilitia mwenyewe. Grafiki ni ile ile ya ndani ya prosesa, sina kadi kabisa.

Sasa Shaabani hii harusi zafululiza, wiki iliyopita nilikuwa na tatu, na nikishatia rangi na tabaka mbili tatu timelaini yakwama kama mkokoteni kwenye mchanga. Kueksipoti video ya saa moja na nusu naiwacha usiku kucha, na juzi stima ikapotea saa tisa za usiku ikabidi nianze upya, mama wa bibi harusi kanipigia simu mpaka nikaizima.

Mwisho wangu ni 45,000. Duka moja mjini wanambia 3060 mpya 36,000. Kuna jamaa wa Bamburi ana 1080 Ti auza 22,000 yuwasema hio ni chuma haifi. Mwengine kanambia RX 6600. Monita yangu ni 1080p hezi 75 na kamera ni Sony, napiga 4K ya 8-bit ya kawaida. Nichukue ipi?

kisauni_boy

3060 bro, chukua hio hio maneno ya nini

fundi_makadara

Ngoja kwanza ndugu yangu, kabla ya kadi chukua bisibisi ufungue hilo kasha utazame pawa saplai imeandikwa wati ngapi. 7050 ya mnara huja na ya wati 240. 3060 peke yake yala wati 170, prosesa yako 65, na bado hujahesabu diski na feni na vingine vyote, na Nvidia wenyewe kwa kadi hio wasema uwe na saplai ya 550. Tena hio ya Dell haina kebo ya pini 8 ya kulisha kadi. Utakutana na mtu akwambie tia adapta ya kutoka SATA kwenda pini 8, usithubutu, kile kiplagi cha SATA hakikuumbwa kubeba mzigo huo, mie nishaletewa mbili hapa plastiki imeyeyuka mpaka imeshikana na kebo.

Na kubadilisha saplai kwa Dell si kama kompyuta ya kuunga mwenyewe, mazabodi yao haitumii ile plagi kubwa ya pini 24, wana ya kwao, kwa hivyo utataka adapta ya kuunganisha. Zapatikana lakini uulize kwa namba ya modeli, usiseme tu "ya Dell" maana zatafautiana. Ndio nakwambia hizo 45,000 si za kadi, ni za kadi na saplai na adapta.

Kama hutaki kugusa saplai kabisa basi kuna za kuchomeka tu bila kebo, GTX 1650 ya wati 75 au RTX 3050 ya GB 6 ya wati 70. Sema GB 6 ukienda dukani, kwa sababu ile 3050 ya GB 8 yataka kebo, jina ni lile lile.

bint_ramani

Fundi kasema kweli. Mie nachora nyumba, narenda (natoa picha kamili za michoro) kwa programu ya Blender hapa Nyali, nilipita njia hii hii.

Kaka, hio 3060 ya 36,000 waliokwambia ni ya GB ngapi? Maana ziko mbili. Ya kwanza ilotoka 2021 ina GB 12 na njia ya memori ya biti 192. Halafu mwisho wa 2022 wakatoa nyengine ya GB 8 yenye biti 128, jina 3060 vile vile, sanduku karibu lafanana, lakini hio ya pili ni polepole hata kwenye gemu. Muuzaji akikwambia "ni ile ile" ujue ima hajui ima hataki ujue.

Na kwa Resolve memori ya kadi ndio roho. Gemu ikikosa memori utapunguza mapambo ya picha ucheze, lakini Resolve ikijaa yakuletea ule ujumbe wa GPU memori imejaa na kazi yasimama hapo hapo. 4K na rangi na tabaka zako tatu, GB 4 ya hio 1650 itakuliza. GB 8 utaishi kwa kujibana. GB 12 wapumua.

RX 6600 si kadi mbaya wallahi, wati 132 tu, gemu za 1080p yazipiga vizuri kabisa na Resolve yafanya nayo kazi. Mie sikuichukua kwa sababu ya Blender, kule Nvidia wana OptiX ya kuharakisha kurenda na tafauti waiona kwa macho. Wewe hutumii Blender basi usiniige. Kitu kimoja tu, 6600 hutumia njia 8 za PCIe (pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi) badala ya 16, na mashine yako ni PCIe 3 kwa hivyo utapoteza kidogo, si kitu cha kukosesha usingizi.

kisauni_boy

haya basi si achukue Intel Arc, GB nyingi bei ya chini

bint_ramani

Arc bila Resizable BAR (ile ya prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) yalegea vibaya, na Intel wenyewe wataka prosesa ya kizazi cha 10 kwenda juu. Yake ni ya 7. Mdogo wangu wewe watupa majina tu leo 😂

chumvi_na_kutu

Mie nizungumzie hio 1080 Ti ya Bamburi maana hakuna aliyeigusa. Ni kadi ya 2017, kweli ilikuwa simba enzi zake na ina GB 11, lakini yala wati 250, zaidi ya saplai yako nzima. Pili Nvidia wameshafunga draiva za gemu za familia hio ya Pascal tangu Oktoba 2025, kilobaki ni marekebisho ya usalama tu mpaka 2028. Kwa 22,000 wanunua mzee aliyestaafu.

Tatu, uliza ilikuwa wapi. Kadi nyingi za mtumba zilizojaa sokoni zilikuwa zachimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, mpaka Septemba 2022 pale Ethereum ilipowachana na uchimbaji wa kadi. Si kwamba iliyochimba ni mbovu lazima, iliyokaa kwenye baridi nzuri chipu yake iko sawa, kinachochoka ni feni na zile pedi za joto kwenye memori. Lakini huku kwetu mie naogopa chumvi kuliko uchimbaji. Kadi iliyokaa miaka mitano kwenye nyumba ya kupakana na bahari madirisha wazi, feni imevuta hewa ile mchana na usiku, utaona. Chukua tochi ya simu umulike masikio ya HDMI na skrubu za nyuma na zile pini za dhahabu za kuchomeka. Ukiona ukijani ama weupe kama unga, mwambie "nitarudi" na usirudi. Jirani yangu hapa Mtwapa alinunua moja ikimeta kwa nje kumbe imepakwa mafuta, miezi miwili ikaanza kuonyesha mistari.

Na usinunue kadi ambayo haijachomekwa ukaiona. Nenda na GPU-Z kwenye flashi, ni programu ndogo ya bure. 3060 ya kweli ya mezani itakuonyesha 3584 pale kwenye Shaders. Kuna kadi kuukuu zimebadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) zijiite majina ya juu, GPU-Z huziandikia FAKE mbele ya jina. Halafu ipe mzigo hata nusu saa usikilize feni, muuzaji akikwambia hana wakati basi nawe huna pesa.

mpiga_harusi_tudor

Nimerudi wakuu. Kwanza nimefungua kasha, wati 240 kama alivyosema fundi, na vumbi humo ndani waweza kupanda muhogo. Pili nilirudi lile duka nikasoma sanduku mwenyewe, GB 8. Nikamuuliza muuzaji ya 12 iko wapi akanambia "hio hio tu, 12 ni ya wachimbaji" 😂 nikamshukuru nikatoka.

Sasa nimepata 3060 ya GB 12 ya mtumba kwa mtu wa Changamwe 29,000, amekubali niipime kwake. Ikibaki 16,000 yatosha saplai ya 550 na hio adapta?

fundi_makadara

Yatosha, lakini saplai usinunue ile nyepesi kama sanduku la viatu. Iinue kwa mkono, ilo na shaba ndani ina uzito. Na upime kwa futi kama itaingia pale ilipotoka ya Dell kabla hujalipa, na upime urefu wa kadi pia, zile za feni tatu hazikai humo, tafuta ya feni mbili. Chenji ikibaki tia kwenye UPS, lile betri la kushika stima ikipotea, hata ndogo ya kukupa dakika tano uhifadhi kazi na kuzima kwa adabu.

bint_ramani

Na usingoje kadi, leo usiku tengeneza proksi ndani ya Resolve. Yakutolea nakala nyepesi za video zako uediti nazo, ukieksipoti yarudi kwa zile za asili. Kueksipoti hakutakuwa haraka ila ile kukwama kwama itapungua hata na hio mashine ilivyo.

mpiga_harusi_tudor

Proksi nimefanya dada, kumbe muda wote huu nilikuwa najitesa. Kadi nimeichukua, GPU-Z ikasema 3584 na GB 12, masikio masafi, jamaa alikuwa akiitumia chumba cha ndani. Ina feni mbili lakini nikiichomeka mkia wake wagonga kijumba cha diski kwa kama kidole kimoja. Nikate?

kisauni_boy

lete msumeno nakuja na tuktuk

fundi_makadara

Usikate!! Tazama kwanza kama kijumba kimeshikwa kwa skrubu, wewe watumia SSD huna haja nacho. Ukishindwa niletee kesho baada ya adhuhuri, na kadi ije kwenye sanduku lake, si mkononi.