Naomba ushauri: kayaki kwenye maji ya baridi kali

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni kijana wa Tengeru, naongoza wageni kwa mitumbwi Ziwa Duluti. Mgeni mmoja tuliyezoeana amenialika Tromsø, Norwei, mwezi Februari tupige kayaki baharini. Nauli analipa yeye. Shida ni baridi: anasema maji yatakuwa nyuzi 4 au 5 hivi. Mimi hata Julai ya hapa Arusha nalalamika!

Kuogelea najua, na kayaki ikipinduka najua kurudi ndani. Ila nilichosoma kimenitisha. Ukitumbukia kwenye maji ya hivyo, dakika ya kwanza unahema ovyo bila hiari, na ndipo mtu humeza maji. Halafu una kama dakika 10 tu kabla mikono haijagoma. Sasa huo ujuzi wangu wa Duluti utanifaa nini?

Jaketi la kuokolea ninalo. Kwenye mitumba soko la Kilombero hapa Arusha nimeona suti ya mpira ya wazamiaji, milimita 3, elfu sitini, sijainunua. Mgeni anasisitiza suti kavu, ile isiyoingiza maji shingoni wala mikononi, na ndani yake nguo za sufu, siyo pamba.

Kwa mliowahi kupiga kasia nchi za baridi: hiyo ya mpira itatosha, au niache nikakodi suti kavu huko huko? Na hili la kuoga maji ya bomba alfajiri, nimeanza wiki iliyopita, linauzoesha mwili kweli au najitesa bure?